Mhusika Msaidizi Asiyefungwa na Kumbukumbu: Uundaji na Upokezi wa Oscar katika Manga ya Kihistoria ya Waridi la Versailles

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna mhusika wa kubuni, aliyeundwa ili kumhudumia mhusika wa kihistoria, anavyoweza kusogea hadi mbele ya kazi inayochapishwa kwa mfululizo. Kazi iliyoteuliwa ni Waridi la Versailles (Berusaiyu no Bara) ya Riyoko Ikeda, iliyotoka katika jarida la wasichana la Margaret, nchini Japani, mwaka 1972 na 1973. Hoja inayotetewa ni kwamba wasomaji hawakumpandisha Oscar kwa sababu ya mvuto wake pekee. Walimpandisha kwa kuwa, tofauti na Malkia Marie Antoinette, hatima yake haikuwa imeandikwa popote. Makala inatumia dhana ya upeo wa matarajio kutoka katika Nadharia ya Upokezi, na inahoji desturi ya kuwaainisha wahusika kana kwamba nafasi zao huamuliwa mara moja tu.

Tatizo la uainishaji

Katika uhakiki wa fasihi kwa Kiswahili, sura inayohusu wahusika huanza kwa kuwagawa katika makundi: mhusika mkuu, wahusika wasaidizi, wahusika wajenzi. Baada ya hapo huja mgawanyo wa bapa na duara, unaotokana na E. M. Forster na kitabu chake cha 1927. Mgawanyo huu una manufaa yake, hasa kwa mwanafunzi anayeanza. Udhaifu wake ni kwamba unaikuta kazi ikiwa imekwisha kukamilika. Mhakiki huufunga ukurasa wa mwisho, akahesabu nani ametajwa zaidi na nani amebadilika, kisha akatoa hukumu. Kwa riwaya iliyochapishwa nzima kwa siku moja, hukumu hiyo hupita bila kizuizi. Kwa kazi iliyotoka wiki baada ya wiki, huku wasomaji wakiandika barua na wahariri wakizisoma, hukumu hiyo huficha jambo lenye uzito zaidi, yaani mwendo wa mhusika kutoka nafasi moja kwenda nyingine.

Alex Woloch, katika utafiti wake wa mwaka 2003 kuhusu riwaya ya uhalisia, anapendekeza kwamba wahusika watazamwe kama watu wanaogombea nafasi finyu ya kusimuliwa. Kila ukurasa anaopewa mmoja, mwingine amenyang'anywa. Dhana hii inafaa sana kwa manga, maana humo nafasi si sitiari. Ni eneo halisi la karatasi: fremu ngapi, uso wa nani umechorwa kwa ukubwa, nani amesimama nyuma akiwa nusu kichwa. Neno manga linatumika hapa kwa maana ya hadithi ya picha ya Kijapani inayosimuliwa kwa fremu zilizopangwa ukurasani.

Kuumbwa kwa Oscar

Riyoko Ikeda alizaliwa Osaka mwaka 1947. Alipokuwa mwanafunzi wa sekondari alisoma wasifu wa Marie Antoinette ulioandikwa na Stefan Zweig na kuchapishwa mwaka 1932, na kitabu hicho ndicho kilichomtia nia ya kusimulia maisha ya malkia huyo. Wahariri walikuwa na shaka. Mambo ya kihistoria, kwa maoni yao, hayangewashika wasomaji wasichana. Hata hivyo hadithi ilianza mwezi wa Mei 1972, mwandishi akiwa na umri wa miaka 24, na iliendelea kwa sehemu 82 za kila wiki hadi mwishoni mwa 1973.

Mpango wa awali unaonekana katika kurasa za kwanza zenyewe. Msimulizi anatangaza kuzaliwa kwa watu watatu katika mwaka mmoja, 1755: Hans Axel von Fersen huko Uswidi, Marie Antoinette huko Vienna, na Oscar François de Jarjayes huko Ufaransa. Wawili wa kwanza ni watu wa historia. Wa tatu ni wa kubuni. Binti huyu ni wa mwisho katika familia ya jenerali asiye na mtoto wa kiume, naye baba anaamua kumlea kama mwanamume na askari. Binti wa mfalme wa Austria anapofika Versailles kuolewa mwaka 1770, Oscar ndiye ofisa anayemlinda. Kazi yake katika muundo wa hadithi ni ile inayotarajiwa kwa mhusika msaidizi: kusimama mlangoni, kuona, kuonya, na kumwezesha mhusika mkuu kusema yaliyo moyoni mwake.

Chimbuko la wadhifa huo linafahamika. Ikeda alihitaji mtu wa kusimama upande wa Walinzi wa Kifaransa, kikosi ambacho tarehe 14 Julai 1789 sehemu ya askari wake walijiunga na umati na kuelekeza mizinga kwenye ngome ya Bastille. Mmoja wa waliowaongoza siku hiyo alikuwa Pierre-Augustin Hulin, anayetajwa kuwa kielelezo cha Oscar katika tukio hilo. Ikeda ameeleza kwamba hakujiona anaweza kuingia katika nafsi ya askari mwanamume, hivyo akamfanya kamanda wake kuwa mwanamke. Uamuzi uliotokana na upungufu, kwa maneno mengine, ndio uliozaa mhusika mashuhuri kuliko wote katika kazi yake.

Jina la ukoo linastahili kutazamwa kidogo. Jenerali de Jarjayes aliishi kweli. Alikuwa mtumishi mwaminifu wa Malkia, na mwaka 1793 alishiriki njama ya kumtorosha kutoka kifungoni. Lakini alizaliwa mwaka 1745, na kwa hiyo Oscar anapozaliwa katika hadithi, baba yake wa kihistoria alikuwa mtoto wa miaka 10. Sare ya Oscar nayo inafanana zaidi na sare za enzi za Napoleon kuliko za enzi za Louis XVI. Kuyaita haya makosa ni kutoyaelewa. Yanaonyesha mahali ambapo mwandishi alijiona huru. Penye Malkia, tarehe zinafuatwa. Penye Oscar, uzuri wa kitambaa unatangulia.

Kiswahili kinamrahisishia mchambuzi wa mhusika huyu jambo moja. Kiambishi a- hakisemi kama anayetajwa ni mwanamke au mwanamume, ilhali anayeandika kwa Kiingereza au Kifaransa hulazimika kuchagua. Urahisi huo usimfanye mchambuzi asahau kwamba katika hadithi hakuna siri yoyote. Baraza zima la Versailles linajua kuwa Oscar ni mwanamke. Hapa ndipo anapotengana na Sapphire, binti wa mfalme katika Ribon no Kishi ya Osamu Tezuka iliyoanza mwaka 1953, ambaye analazimika kuficha jinsi yake ili asipoteze kiti cha enzi. Hadithi ya siri ina mwisho uliokwisha kupangwa: siku moja siri itafichuka. Oscar hana siri ya kufichuliwa, na hivyo mwandishi alilazimika kumtafutia mwisho wa namna nyingine.

Mwendo wa kupanda

Majarida ya manga ya kila wiki hutegemea mwitikio. Barua na kadi za wasomaji husomwa na wahariri, na hadithi isiyopendwa hukatizwa. Katika mazingira hayo Oscar aliwavutia wasomaji kwa namna iliyobadili mgawanyo wa kurasa. Sehemu za mwanzo zinatawaliwa na masuala ya Malkia: ukimya wake mbele ya Madame du Barry, ndoa yake isiyo na furaha, kukutana kwake na Fersen. Kadiri hadithi inavyosonga, maswali yanayoahirishwa hadi wiki inayofuata yanakuwa ya Oscar. Je, ataendelea kuitumikia taasisi anayoiona inaoza? Atampenda nani? Atavaa gauni? Analivaa mara moja tu, katika dansi, ili acheze na Fersen bila kutambuliwa, kisha halivai tena.

Maelezo ya kawaida ni kwamba wasichana wa Japani wa miaka ya 1970 waliona kwa Oscar mwanamke mwenye kazi, amri na uamuzi, wakati ambapo nafasi zao wenyewe zilikuwa finyu. Maelezo hayo ni ya kweli, ila hayatoshi, kwa sababu hayaelezi kwa nini mvuto huo uligeuka kuwa mamlaka juu ya muundo wa hadithi. Wahusika wengi hupendwa wakabaki pembeni.

Dhana ya upeo wa matarajio, aliyoitoa Hans Robert Jauss mwaka 1967, inasaidia hapa. Msomaji hukutana na kazi akiwa tayari anajua mambo fulani, na ujuzi huo huamua anachoweza kukitumainia. Kuhusu Marie Antoinette, msomaji alijua mwisho: tarehe 16 Oktoba 1793, mashine ya kukata vichwa. Kuhusu Fersen, mwenye kutaka kujua angeweza kufungua ensaiklopedia na kukuta kwamba aliuawa na umati huko Stockholm mwaka 1810. Kila barua iliyomwombea Malkia afya njema ingekuwa barua ya kuiomba historia isitokee. Kwa Oscar mlango ulikuwa wazi. Hakuna kitabu kilichoweza kumwambia msomaji kama angeolewa, angekimbia au angekufa. Matumaini, ambayo ndiyo mtaji wa hadithi ya mfululizo, hayakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Ushahidi wa hoja hii unapatikana kwa kumtazama Fersen. Alitangazwa katika ukurasa wa kwanza kuwa mmoja wa watatu. Ni kijana, mzuri, mwenye mapenzi yasiyowezekana, yaani ana kila kitu kinachotakiwa katika manga ya wasichana. Hata hivyo anafifia. Anaondoka, anarudi, anaondoka tena, kwa kuwa kumbukumbu zinasema alikwenda vitani Marekani na kwamba alisafiri. Nafasi anayoiacha inachukuliwa na André Grandier, mjukuu wa yaya wa Oscar, ambaye mwanzoni si zaidi ya kijana anayeshika farasi. André naye ni wa kubuni. Alianza akiwa msaidizi wa mhusika msaidizi, na akaishia kuwa nusu ya mapenzi makuu ya kazi nzima. Deborah Shamoon, katika makala yake ya mwaka 2007, anauona uhusiano wa wawili hao kama kielelezo cha mapenzi ya watu walio sawa. Usawa huo uliwezekana kuchorwa polepole kwa sababu hapakuwa na tarehe iliyowangoja.

Pingamizi linalostahili kujibiwa ni la Girodelle, ofisa mwenzake Oscar. Yeye pia ni wa kubuni, ana cheo, ana sura njema, tena anamposa Oscar. Mbona hakupanda? Jibu ni kwamba kutofungwa na kumbukumbu ni sharti la lazima lakini si sharti pekee. Girodelle yuko upande mmoja tu. Oscar anaingia pote: chumba cha Malkia, nyumba ya maskini kupitia Rosalie, kambi ya askari wa kawaida kupitia Alain, ofisi ya mwandishi wa habari kupitia Bernard. Na ndani yake mna mgogoro usiotatuliwa kati ya uaminifu kwa mtu na haki kwa watu.

Hapa kazi ya Ikeda inakutana na hoja ya zamani ya Georg Lukács kuhusu riwaya ya kihistoria. Lukács alionyesha kwamba Walter Scott, tangu Waverley ya 1814, aliwaweka wakubwa wa historia pembeni, na katikati akamweka mtu wa kubuni, wa kiasi, anayeweza kuvuka kutoka kambi moja hadi nyingine. Ikeda alianza kinyume. Aliweka malkia halisi katikati na mtu wa kubuni pembeni, kama Zweig angefanya laiti angetunga wahusika. Baada ya miezi kadhaa ya kuchapishwa, muundo ulikuwa umegeuka na kufanana na ule wa Scott. Inavutia kuona kwamba mgeuko huo haukutokana na nadharia. Ulitokana na wasomaji, wengi wao wakiwa wasichana wa shule. Tofauti ni kwamba Oscar si mtu wa kiasi hata kidogo. Ila kazi yake ya kuvuka mipaka ni ileile.

Kusema kwamba wasomaji walimuumba Oscar kungekuwa kumdhulumu mwandishi. Upokezi ulikuwa umejengwa ndani ya matini tangu mapema. Mabibi wa Versailles wanamtazama Oscar wakizimia kwa furaha. Rosalie, msichana maskini aliyechukuliwa na kulelewa nyumbani kwake, anampenda huku akijua kwamba hawezi kupendwa kwa namna hiyo. Macho hayo ndani ya fremu yaliwafundisha wasomaji namna ya kutazama. Ikeda aliweka mlango. Wasomaji ndio walioupita kwa wingi kuliko ilivyotarajiwa.

Kifo na gharama yake

Mwezi wa Juni 1789 Oscar anakataa kutumia silaha dhidi ya wawakilishi wa wananchi. Tarehe 13 Julai André anapigwa risasi. Kesho yake Oscar anawaongoza askari wake kwenye Bastille, anapigwa risasi, na anakufa huku ngome ikisalimu amri. Mlango uliokuwa wazi umefungwa, tena umefungwa kwa tarehe maarufu kuliko zote katika historia ya Ufaransa. Mhusika asiye na kumbukumbu anaingizwa katika kumbukumbu kwa nguvu. Barua za maombolezo zilifika kwa wingi, ingawa ugonjwa wa kifua na kukohoa damu vilikuwa vimewaandaa wasomaji.

Gharama ilifuata. Ikeda alikusudia kuendelea kwa mapana hadi kifo cha Malkia, lakini wahariri waliona kwamba kwa kuwa kipenzi cha wasomaji amekwisha kufa, hadithi nayo imalizike katika wiki chache. Matokeo yake yanaonekana kwa macho. Miaka 34 kutoka 1755 hadi 1789 inasimuliwa kwa sehemu kubwa sana ya kazi. Miaka minne iliyobaki, yenye jaribio la kutoroka lililokwamia Varennes mwaka 1791, kuuawa kwa Mfalme mwezi wa Januari 1793, kesi na kifo cha Malkia, inakimbizwa. Kwa kipimo cha historia, miaka hiyo minne ndiyo iliyo mizito zaidi. Malkia, ambaye kitabu kilianza kwa ajili yake, anakuwa mtu wa hitimisho. Mhakiki anayehesabu kurasa anaweza kuuita mgawanyo huo kasoro ya utunzi. Ni sahihi zaidi kuuona kama alama iliyoachwa na upokezi katika mwili wa kazi yenyewe.

Jukwaa na skrini

Historia hiyohiyo ilijirudia nje ya jarida. Kundi la Takarazuka, linaloigiza kwa wanawake pekee tangu onyesho lake la kwanza la 1914, liliipandisha kazi jukwaani mwezi wa Agosti 1974. Toleo hilo la kwanza lilimweka Marie Antoinette mbele. Mwaka uliofuata lilitoka toleo la Oscar na André. Filamu ya Jacques Demy ya mwaka 1979, iliyopigwa kwa sehemu katika kasri lenyewe la Versailles, iliitwa Lady Oscar. Filamu ya vibonzo ya sehemu 40 iliyoonyeshwa Japani kuanzia mwezi wa Oktoba 1979 inaanza kwa kuzaliwa kwa Oscar, na ilipofika Italia na Ufaransa katika miaka ya 1980 nayo ilipewa jina la Lady Oscar. Katika lugha hizo, waridi limetoweka hata kwenye jalada. Jambo la kutazamwa zaidi ni kwamba Demy hakumuua Oscar. Filamu inamwacha katika umati wa Bastille akimtafuta André, ambaye amekwisha kufa bila yeye kujua. Mlango ambao Ikeda aliufunga, Demy aliuacha nusu wazi, na hakuna mwanahistoria aliyeweza kumlaumu kwa hilo.

Rosalie, au mpaka wa hoja

Hoja iliyotolewa ina mahali inapogota, na mahali hapo ni Rosalie. Rosalie Lamorlière hakubuniwa. Alikuwa mtumishi katika gereza la Conciergerie, na alimhudumia Malkia katika wiki zake za mwisho. Ushuhuda wake uliandikwa baadaye, na ni miongoni mwa vyanzo vinavyotegemewa kuhusu siku hizo. Kwa kipimo cha hoja ya makala hii, alipaswa kuwa amefungwa kama Fersen.

Hakufungwa, kwa sababu kumbukumbu zinamjua kwa kipindi kifupi tu. Kabla ya 1793 ni mtumishi asiyeandikwa. Ikeda aliingia katika ukimya huo na kumpa mama aliyekanyagwa na gari la farasi la bibi mkubwa, dada mlaghai, nyumba kwa Oscar, mume mwandishi wa habari. Kisha, katika sehemu za mwisho, anamrejesha pale historia inapomkuta: ndani ya Conciergerie, akiwa na bakuli la mchuzi mkononi, mbele ya mwanamke ambaye Oscar aliwahi kumlinda. Basi kinachompa mhusika msaidizi uhuru si kule kubuniwa kwake tu. Ni ukubwa wa pengo lililoachwa na waandishi wa kumbukumbu, na mapengo hayo hayakugawanywa sawasawa kati ya malkia na watumishi wao. Utafiti wa riwaya za kihistoria unaotaka kutumia hoja hii utalazimika kuuliza, kwa kila mhusika wa pembeni mwenye jina halisi, ni miaka mingapi ya maisha yake iliyoandikwa, na ni nani aliyeiandika.